Si mimba, Shangazi, ni kodi

Hamburg, Desemba

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na ile sehemu uliyodhani umeshazima simu. Naomba uwatangazie hapo Moshi: sina mimba. Ninaolewa haraka kwa sababu ya kodi.

Usicheke. Hapa Ujerumani watu wakioana hata siku ya mwisho ya Desemba, kodi yao inaweza kupigiwa hesabu kama ya mke na mume kwa mwaka mzima. Mkweo bado anasoma, mshahara unaoingia ni wangu peke yangu, kwa hiyo kuna fedha ya kueleweka itakayorudi. Mahari mlishapokea tangu Pasaka na mbege mkainywa. Kilichobaki ni cheti.

Sasa kukipata hicho cheti! Ukiwa mgeni, ofisi ya ndoa inataka uthibitisho kutoka kwenu kwamba hakuna kinachokuzuia kuolewa, na kama nchi yako haitoi hati ya namna wanayoitaka, faili linapanda mpaka mahakama ya juu ya mkoa kuombewa msamaha. Sisi ni wageni wawili, Mtanzania na Mkenya, basi ni makaratasi mara mbili. Tulimuuliza mama wa dirishani itachukua muda gani. Akaitazama kalenda ya ukutani, akaona haitoshi.

Ndipo tukaambiwa habari za Denmark. Kumbe wageni wengi waishio Ujerumani huvuka mpaka kwenda kuoana huko. Unatuma nakala za pasi na vibali kwa mtandao kwenye idara yao ya mambo ya familia, inaitwa Familieretshuset, unalipa kroner elfu mbili hivi, na makaratasi yakikamilika kwa kawaida wanajibu ndani ya siku tano za kazi. Siku tano! Kwetu hata ndoa ya bomani, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka utoe taarifa siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate muda wa kutafuta nauli.

Kibali tumepata. Mkweo amechagua kisiwa kinachoitwa Ærø. Unatoka hapa kwa gari saa tatu na ushee hadi Svendborg, unapanda kivuko saa moja na robo, unashukia Ærøskøbing, kamji ka nyumba za rangi rangi na vichochoro vya mawe. Kisiwa kizima kina watu elfu sita hivi, lakini kila mwaka kinafungisha ndoa za wageni kwa maelfu. Picha za matangazo yao zote zimepigwa kiangazi, maharusi pekupeku mchangani. Mimi gauni langu ni la kitenge, ila chini yake kutakuwa na suruali mbili za sufu na juu yake koti zito jeusi, kwa hiyo hicho kitenge mtakiona kwenye pindo. Shela nimeiacha. Kwa upepo wa bahari ile ningepaa kama tiara.

Tunatakiwa kufika siku moja kabla, tuonyeshe pasi zenyewe. Kesho yake msajili anasema yake kwa Kiingereza, tunaitikia, tunavishana pete, tunasaini. Robo saa ukijumlisha na picha. Huo ni muda ambao MC wetu wa Moshi huutumia kuuliza kama mpo. Sisi tunaanza saa tano asubuhi, kwenu itakuwa saa saba mchana. Nitapiga simu ya video, na tafadhali vigeregere visubiri mpaka niitikie. Kwenye ile send-off ya dada vilianza bibi harusi akiwa bado saluni.

Kuhusu ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma mnayetaka kunitumia: haiwezekani kumpa abiria aniletee. Nyama kutoka nje ya Ulaya hairuhusiwi kuingia na mizigo, hata ikiwa imevishwa majani mdomoni na kupambwa vizuri namna gani. Wadenmark wana soseji zao nyekundu mno, zinauzwa vibandani. Nitamlisha mume wangu moja mbele ya simu, naye atanilisha, na Baba Mdogo aandike kwenye ratiba kwamba kipengele cha ndafu kimefanyika.

Kamati nasikia mmeiunda, kundi la WhatsApp mmefungua, na ahadi zimeanza kuingia kwa ajili ya sherehe ya Agosti hapo Moshi. Nashukuru. Ila mweka hazina ananiandama anataka majina ya mashahidi wawili wa ndoa ya Ærø, kwa kuwa kila msimamizi lazima apewe sare na kadi ya mchango. Shangazi, hao ni wafanyakazi wa manispaa. Asiyekuja na mashahidi wake anagawiwa hao. Watasaini, watatupongeza, watarudi kwenye kompyuta zao. Majina siyajui. Nimembembeleza aachane nao, amenijibu kwa ujumbe mmoja tu: niwaulize kama watakuja single au double.