Namna ya Kuhudhuria Mafunzo Kazini Bila Kudhurika na Elimu

Mtumishi mwenzangu, barua ya kukuita kwenye mafunzo ikikufikia, usitaharuki. Wengi wameyapitia wakarudi salama, akili zikiwa vilevile zilivyoondoka. Fuata hatua hizi.

1. Soma barua kuanzia mwisho. Mada haina haraka. Aya ya mwisho ndiyo inayosema nani atalipa nauli na posho ya kujikimu. Kama kituo chako ni Dodoma na mafunzo ni hapohapo Dodoma, kumbuka una mgonjwa nyumbani. Yakihamishiwa Arusha, mgonjwa amepata nafuu.

2. Kama wewe ni mkuu, nenda mwenyewe. Ni kweli kwamba mafunzo ya mfumo wa NeST yanamhusu yule kijana wa manunuzi anayeshinda humo kutwa. Lakini kijana ana miaka thelathini ya kujifunza, wewe umebakiza miwili. Ukirudi mwambie, "Tutakaa tuelekezane." Msikae.

3. Ukumbini, wahi kiti kilicho karibu na soketi. Saini mahudhurio asubuhi, saini tena mchana. Mwezeshaji akikunyooshea kidole, sema, "Naungana na mchangiaji aliyepita." Hakikisha tu yupo aliyepita. Siku ya mwisho simama ulalamike kwamba muda ulikuwa mfupi: elimu haina mwisho, ila semina ina siku tano.

4. Cheti kitie fremu. Makabrasha yaweke juu ya kabati, yalalie yale ya OPRAS, mfumo wa kupima utendaji ulioanza 2004. Ule tumeshauzika, sasa tuna PEPMIS, na kazi zako unaziingiza mwenyewe kwenye kompyuta. Usihofu, mtoto wa field yupo. Mpe nywila akujazie. Mwisho wa mwaka mfumo utaonyesha kuwa umechapa kazi, na mtoto wa field atakuwa ameijua kazi yako yote.

5. Hii ndiyo hatua ngumu: jiepushe na mama wa masjala. Alisomea uhazili Tabora enzi za taipureta, na ukutani kwake hakuna fremu hata moja. Lakini mtajie faili la kiwanja lililopotea, atakwambia liko wapi, nani alitia dokezo la mwisho, na kwa nini lilikwama mezani kwa nani. Ukikaa naye nusu saa kila Ijumaa, unaweza kujikuta umejifunza bila kukusudia. Ashukuriwe Mungu, kukaa naye hakuna posho, hakuna chai ya saa nne na sambusa zake, wala karatasi ya kusaini. Ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyethubutu.

6. Mama huyo akitimiza miaka 60, mwageni kwa heshima. Mpeni kitenge na mabati, na mgeni rasmi aseme kwamba ameacha pengo. Jumatatu yake mwananchi atasimama dirishani akiuliza faili lake. Mwambie, "Njoo kesho."

Mwananchi akishaondoka, vuta karatasi uandike dokezo: idara inaomba mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu. Washiriki kumi, siku tano, Arusha.