Namna ya Kupandisha Bei ya Kahawa Ukiwa Omurushaka

Msimu wa kahawa umefika, na wazee wa Karagwe na Kyerwa wanataka kujua bei ya mnada kabla ya kupeleka maganda chama cha msingi. Wengine hupiga simu. Wewe umesoma kompyuta, huwezi kujishusha hivyo. Pakua Selenium, iliyoanzishwa na Jason Huggins huko Chicago mwaka 2004, ikuendeshee kivinjari kupitia Python. Kisha fuata hatua hizi.

1. Usisubiri. Ukurasa wa bei ukifunguka tu, rusha fanksheni yako ya kusoma bei kwa `execute_script`, hata kama jedwali la bei halijafika. Utaambulia `null`. Hiyo ni butura, kununua kahawa ikiwa bado ua. Ila kwenye butura angalau mlanguzi hupata faida.

2. Usiandike `return`. Fanksheni itaisoma bei vizuri, itaijumlisha, halafu itanyamaza nayo. Python itakuonyesha `None`. Mwambie mzee ndiyo bei ya leo.

3. Bofya kwa mabavu. Tangazo likifunika kitufe, Selenium hukataa kukibofya, kwa kuwa hata binadamu asingekifikia. Usibishane nayo: ikabidhi skripti kitufe hicho, uandike `arguments[0].click()`. Kitabofywa hata kikiwa kimefichwa, nawe utatangaza kwamba tovuti ni nzima. Mwenye simu ndogo kule Nkwenda atajua mwenyewe.

4. Kwa kazi inayochukua muda, tumia `execute_async_script`. Hii hukupa fanksheni ya ziada, hoja ya mwisho kabisa, ya kuita kazi ikiisha. Usiiite. Usipobadilisha mpangilio, kivinjari kitakungoja sekunde 30 kisha kilalamike. Zinatosha kabisa kuulaumu mnara wa ng'ambo ya Mto Kagera, hasa ukiwa Murongo.

5. Sasa pandisha bei. Mstari mmoja wa `innerText` unatosha: kilo ya maganda inapanda maradufu mbele ya macho ya baba, mjomba na jirani. Usiwaambie kwamba skripti yako imegusa nakala iliyo kwenye kivinjari chako tu, na kwamba seva haina habari nayo. Wala mtu asiguse kitufe cha kupakia upya.

Mzee akirudi kuuliza mbona karani amemlipa bei ileile ya juzi, mjibu kwa upole kwamba karani bado anatumia kivinjari cha zamani.