Mnong'ono Apanda Kilimanjaro

Ndugu yangu mwenye mabinti, hali yako naijua kwa sababu ndiyo yangu. Nyumbani kwetu Tabata kura yangu ni moja, zao ni tatu. Mwenyekiti ni mke wangu, Mama Bajeti. Anayemfuata ni Wakili, binti wa kidato cha tatu, ambaye hata ukimwambia kumekucha atadai ushahidi. Kitinda mimba ni Mnong'ono, wa darasa la saba, anayejibu maswali ya mwalimu kwa sauti ya mbu mwenye mafua.

Huyo Mnong'ono ndiye aliyetuponza. Mwalimu wake alisema akili anazo, ila hajiamini. Mimi nikapendekeza kwaya. Mama Bajeti, mzaliwa wa Marangu ambaye hajawahi kupita geti la hifadhi, akatangaza: "Tunapanda Kilimanjaro. Wote." Nikasema mtoto bado mdogo. Wakili akanijulisha kwamba mwenye miaka 10 anaruhusiwa kwenda kileleni. Nikasingizia gharama. Mama Bajeti akafungua daftari: ada ya raia, kiongozi, wapagazi, mpishi, hadi pipi. Kikao kikafungwa.

Mazoezi tulifanya kwenye ngazi za ghorofa la jirani, mtaa ukaamini tunamkwepa mwenye nyumba. Shemeji yangu, Bwana Goti, ambaye angeshaupanda mlima huo zamani kama si goti lake, alikuja kutushauri tuvae soksi mbilimbili, akala chakula cha usiku, akaenda zake. Makoti tulichagua kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi. Langu lilikuwa la kike, zambarau. Mama Bajeti alisema mlimani hakuna anayemtazama mtu. Wapagazi walinitazama.

Marangu tulilala kwa mama mkwe. "Mlima uko nyuma ya migomba yangu tangu nizaliwe," alisema. "Haujaniita, nami sijauita." Akamfungia Mnong'ono ndizi mbivu, akalitazama tumbo langu, akanipa pole mapema.

Msituni tuliwaona mbega, na nikapata nafasi ya kuwasimulia jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyoupandisha Mwenge kileleni Desemba 1961. "Na mwanamke wa kwanza kufika ni nani?" Wakili akauliza. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Akajijibu mwenyewe: Sheila MacDonald, Mwingereza, mwaka 1927.

Tulilala kwenye vibanda vya Mandara, tukafika vya Horombo, mita 3,720, tukapumzika siku nzima mwili uizoee hewa hafifu. Kila jioni kiongozi alipita na maswali yaleyale: umekula, umelala, kichwa kinauma, umetapika? Si udaku ule. Anayeficha ugonjwa wa mwinuko na kuendelea kupanda anaweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka.

Kwenye kibanda cha Kibo, karibu mita 4,700, zamu yangu ilipofika nilijibu kiume: "Niko fiti kabisa."

"Baba anadanganya! Ametapika nyuma ya choo!"

Kibanda kizima kiligeuka. Wakili alikuwa na biskuti mdomoni, kwa hiyo si yeye. Alikuwa Mnong'ono. Alijishtukia mwenyewe, lakini maneno hakuyarudisha. Kiongozi akampa mkono, kisha akaniambia nikusanye vyangu. Nikateremshwa Horombo giza likiingia, nyuma ya mpagazi aliyebeba begi langu huku akipiga mluzi. Hadi leo nashikilia kwamba matapishi ya mtu mzima ni siri yake.

Usiku wa manane wenzangu walianza kupanda, tochi vichwani, kwenye changarawe inayokurudisha nyuma kila ukipiga hatua. Wakili aliishia Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, akatoa hoja kwamba hapo tayari ni juu kisheria, kwa kuwa hata cheti kinatolewa. Akateremka na kiongozi msaidizi. Mnong'ono na mama yake wakaendelea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Picha yao iko sebuleni, juu ya televisheni, nisipoweza kuikwepa.

Matunda tumeyaona. Juzi konda wa daladala alimbania chenji, Mnong'ono akamdai kwa sauti hadi abiria wakamsaidia. Mwalimu anasema siku hizi ananyoosha mkono darasani. Tatizo, ananyoosha na mezani. Ameuliza kwa nini yeye na dada yake waoshe vyombo wakati mimi natazama mpira. Mama Bajeti akasema swali ni zuri. Wakili akaunga mkono hoja. Sasa Jumapili ni zamu yangu.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukitaka binti anayejiamini, mpeleke mahali ambapo neno lake linasikilizwa na kufanyiwa kazi, hata kama atakayeteremshwa ni wewe. Ila usidhani ujasiri huo ataukabidhi getini Marangu wakati wa kutoka. Atarudi nao nyumbani. Nunua sabuni ya vyombo mapema.