Bwana Mwandishi na Mabwana Zake

(Lamu, saa nane mchana, uchochoroni. Punda anangoja kupakuliwa saruji. Paka kajilaza barazani.)

PUNDA: Shikamoo, Shangazi. Hivi huyu mgeni aliyepanga ghorofa ya juu hufanya kazi gani? Kutwa yuko darini na laptopu yake.

PAKA: Marahaba, mwanangu. Ni mwandishi wa safari. Wa kujitegemea.

PUNDA: Wa safari? Tangu kaskazi ianze sijamwona akivuka hata Shela.

PAKA: Kusafiri kunataka pesa. Ndiyo maana anaandika.

PUNDA: Na huko kujitegemea ndiko kukoje?

PAKA: Hana bwana.

PUNDA: Alaa! Kapata raha huyo.

PAKA: Taratibu. Hana bwana mmoja, ana mabwana wengi. Kila asubuhi anawaandikia wahariri wa London na New York: nina makala, mtaichukua? Wengi hawajibu. Anayejibu anataka haki zote za makala, na atamlipa kwa neno, kama mizigo yako inavyohesabiwa kwa gunia.

PUNDA: Mimi anayelipwa ni bwana wangu. Lakini jioni majani nayapata. Yeye hupata lini?

PAKA: Makala ikichapishwa. Nayo itachapishwa msimu ujao. Hapo atume ankara, angoje siku 30, kisha aandike barua ya kukumbusha, yenye adabu nyingi, asije akanuniwa. Jana kamwambia mwenye nyumba pesa iko njiani.

PUNDA: Mwenye nyumba kasemaje?

PAKA: Kataka kodi leo hii. Na makala yenyewe inasifu kwamba Lamu hakuna mwenye haraka!

PUNDA: Kwani kaandika nini zaidi?

PAKA: Aya ya kwanza ni mimi. Eti mwili mwembamba na shingo ndefu, ukoo wa paka wa Firauni. Kila anayeshuka jetini huandika hayo hayo. Hakuna aliyeniuliza. Ningemwambia wembamba huu ni wa njaa.

PUNDA: Na mimi?

PAKA: Aya ya pili. Mji hauna injini, ni kwato tu.

PUNDA: Na bodaboda iliyonikwaruza ubavu juzi?

PAKA: Aliiandika. Nilikuwa miguuni pake. Kaandika sentensi nzima, kaisoma kwa sauti, kakuna kidevu, kisha kaifuta herufi moja moja mpaka ikaisha. Mnunuzi anataka mji uliosimama tangu enzi za mitepe.

PUNDA: Sasa nimeelewa mambo ya picha! Alimwomba bwana wangu aniteremshe magunia, akanivika vikapu vya ukindu. Vitupu, Shangazi! Mzigo mwepesi kuliko yote niliyopata kubeba, na ndio utakaonipa sifa Ulaya.

PAKA: Aliwahi kutaka kuandika habari za bandari mpya. Gati la kwanza lilifunguliwa 2021, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kuwa wavuvi walioharibiwa riziki walipwe shilingi bilioni 1.76. Kaenda kwa wavuvi, kaandika, katuma. Mhariri kajibu: msomaji wetu yuko likizo.

PUNDA: Hasara iliyoje. Kwa wavuvi wale angepata wenzake wa kungoja malipo. Lakini kibali cha kazi anacho?

PAKA: Kaingia kama mtalii. Serikali ilitangaza kibali cha daraja N mwaka 2024, kwa watu kama yeye wanaofanyia kazi hapa na kulipwa na nje. Lakini lazima uthibitishe kipato. Yeye ana ankara tu.

PUNDA: Mbona wa zamani walifaulu? Ibn Battuta jina lake liko mpaka leo.

PAKA: Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu, mwaka 1331, akaendelea Kilwa. Baada ya miaka zaidi ya 20 ndipo akasimulia, huko Fes, kwa amri ya sultani, na karani wa kuandika kapewa. Ukiwa na sultani huhitaji mhariri.

PUNDA: Basi na sisi tumpeleke mtu wetu kwao, akawaandike.

PAKA: Alishakwenda. Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, akaisimulia safari yake kwa Kiswahili. Ikachapishwa Ujerumani 1901, katika kitabu alichokikusanya Mjerumani mwingine. Hata huko mwenye kitabu alikuwa bwana mwingine.

PUNDA: Lakini Shangazi, wewe unayajua yote haya. Mbona usiku unalala mapajani pake unakoroma, wala humkanushi?

PAKA: Hoteli zikimwalika chakula cha bure ili azisifu, mimi huletewa vichwa vya kamba. Papo hapo, bila ankara. Kwa bei hiyo na aniite wa Firauni.

PUNDA: Kumbe naye ananunuliwa, nawe unanunuliwa. Msema kweli hapa ni nani?

PAKA: Ni wewe, mwanangu. Ndiyo maana umepakiwa saruji.