Heshima kwa Fomu ya Uzamili

Nasimama kuisifu fomu ya kuomba masomo ya juu ya hisabati, na wanaoilaani nawaomba wakae kwanza. Ningekuwa mpiga nanga ningeiimba usiku kucha pale Kayanga, pombe ya rubisi ikizunguka. Lakini mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari huku Kyerwa, kwa hiyo sifa zake sitaziimba, nitazithibitisha.

Sifa kuu ni hii: fomu hukufundisha hisabati yote kabla chuo hakijakupokea. Watu hudhani wanaomba nafasi ya kusoma. Wapi! Ukimaliza kuijaza umeshasoma.

Tuanze na swali ambalo wanahisabati hulipa heshima ya pekee: kitu hiki kipo? Na kama kipo, ni kimoja tu? Chuoni tuliuliza hivyo kuhusu majibu ya milinganyo. Fomu iliuliza kuhusu mimi. Jina langu la ukoo, kama mengi ya Wanyambo na Wahaya, linaanza na R ambayo makarani wengine huisikia L, na baada yake kuna w inayotegemea haraka ya mwandishi. Cheti cha kuzaliwa kina R na w. Cheti cha kidato cha nne kina L na w. Kitambulisho cha Taifa kimerudisha R, w ikaachwa njiani. Jibu la swali la kwanza likawa ndiyo, yupo. La pili likawa hapana, wako watatu.

Hapo hisabati ikahamia kwa wakili. Aliniapisha kwamba wa kwanza ndiye wa pili, na wa pili ndiye wa tatu, kwa hiyo wa kwanza ndiye wa tatu. Hoja ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huiona nyepesi kwa sababu hawajawahi kuilipia. Padri hulifafanua fumbo la Utatu Mtakatifu kwa mahubiri mazima na waumini hutoka wakikuna vichwa. Wakili alilimaliza kwa ukurasa mmoja, akagonga muhuri, akakata risiti. Nafsi tatu, mwombaji mmoja. Chuo cha ng'ambo nilichokiomba kilijibu kwa adabu kwamba kiapo kimepokelewa, ila mfumo wao hauna mahali pa kukiweka.

Kisha fomu ikanipeleka kwenye mifuatano na vikomo. Transkripti yangu ilitakiwa ikae ndani ya bahasha iliyofungwa, muhuri ukiwa umegongwa juu ya mdomo wake. Nikapiga simu chuo nilichosoma. Njoo Jumatatu. Jumatatu, mwenye kusaini yuko semina Dodoma. Kisha karatasi zenye nembo zimeisha. Kisha mtandao uko chini. Kisha iko tayari kabisa, imebaki saini tu. Msomaji ataona kwamba kila jibu liliikaribia transkripti kuliko lililotangulia. Taja umbali wowote, uwe mdogo utakavyo, na ipo simu ambayo baada yake nilikuwa karibu zaidi ya hapo. Kufika ndiko hakumo katika nadharia. Wahadhiri wangu waliandika vikomo ubaoni kwa chaki nyeupe na ya rangi, wala hakuna aliyenifanya nivisikie tumboni namna ile.

Barua za wadhamini wa kitaaluma nazo zilinifunza kujijua. Nilimpigia profesa wangu wa zamani.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

Nilijieleza kwa majina yote matatu. Akafurahi sana kunikumbuka, ingawa aliniita kwa jina la nne. Kisha akasema, “Wewe andika, mimi nitasaini.” Ndipo nilipogundua jinsi nilivyo hodari. Niliandika kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona akili kama hii, na hakubadili hata koma. Wa pili naye akasema vilevile, na barua ya pili ikakubaliana na ya kwanza kwa namna ya kushangaza. Mfumo wa chuo cha ng'ambo ulizikataa kwanza. Haukuona tatizo katika mtunzi wao. Tatizo lilikuwa anwani za yahoo, kwani ulitaka barua pepe za chuo, na sanduku la profesa la chuo lilikuwa limejaa siku nyingi.

Sifa nyingine nitazipitia mbiombio. Fomu hufundisha jiografia, maana kila ofisi iko mji mwingine. Hukuza familia, maana unamkumbuka shangazi yako wa Dar unapohitaji mtu wa kusimama foleni. Humtoa mtu uongo wa kifasihi: wanataka uandike lini uliipenda hisabati, nami nilieleza nilivyohesabu mikungu ya ndizi nikiwa mtoto mgongoni. Wazungu wanapenda mikungu ya ndizi.

Kuhusu Kiingereza, nifafanue. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Mitihani ya Taifa nimejibu kwa Kiingereza, digrii nimeipata kwa Kiingereza, na kila asubuhi ninawatesa watoto wa watu kwa Kiingereza hichohicho, kwa amri ya sera. Bado nilipe nipimwe kama ninakijua. Matokeo hudumu miaka 2, baada ya hapo Kiingereza changu huhesabiwa kimeoza. Unaweza kufanyia mtihani nyumbani, wanasema: chumba kitupu, kamera, intaneti isiyokatika. Haya. Hapa ni Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi umeme wake mwingi ulinunuliwa Uganda kwa sababu gridi ya Taifa ilikuwa haijatufikia.

Katika safari hii nzima kuna kipande kimoja tu kinachouliza hisabati. Ni mtihani wa GRE wa somo lenyewe: maswali 66 kwa saa 2 na dakika 50. Idara nyingi za Marekani sasa zimeufanya wa hiari. Ada ya maombi haijafanywa ya hiari.

Wakulima wa kahawa wa Karagwe wanaijua butura. Mwenye shida huuza kahawa ingali maua, tajiri humpa hela kidogo, na mavuno yakija ni ya tajiri. Serikali imeikataza, na viongozi huikemea kila msimu. Ada ya maombi ni butura iliyogeuzwa: maskini ndiye anayenunua maua kwa tajiri, kwa dola 75, 100 au zaidi kwa chuo kimoja, na mti usipozaa harudishiwi senti. Unaweza kuomba usamehewe ada. Kwa hilo kuna fomu.

Lawama zangu zimwendee Neil Turok. Mtu huyu, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye sehemu ya utoto wake aliishi na kusoma Tanzania, alianzisha taasisi ya hisabati ya AIMS mwaka 2003 huko Muizenberg karibu na Cape Town. Bagamoyo ikapata tawi mwaka 2014, Kigali mwaka 2016. Hawatozi ada ya maombi. Masomo, malazi na chakula wanalipia wao. Mtu atajifunzaje kuwapo na upekee kwa utaratibu mlegevu hivyo? Na Kigali iko karibu na Karagwe kuliko Dar es Salaam! Afadhali nafasi zao ni chache, wengi wetu tunabaki na fomu.

Hapa sifa zinanikwama kooni. Alama zangu ziko chuoni nilikosoma, ndani ya kompyuta ileile wanayotazamia mpira makarani. Kuzichapa ni kazi ya dakika. Kinachokosekana ni mtu wa kuona aibu. Nina wanafunzi wanaotatua maswali ambayo mimi hukesha nayo. Wasipokuwa na shangazi Dar, wakili wa karibu na mtu wanayemjua ndani ya ofisi, wataishia mlangoni, na takwimu zitaandika kwamba vijana wa Kyerwa hawapendi hisabati.

Na ng'ambo? Barua ya kukataliwa ilikuja na mistari mitatu: waombaji walikuwa wengi na wenye sifa. Kwetu kupimwa na wageni si jambo geni. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe mwaka 1861, akapokewa na mfalme Rumanyika, na katika ukarimu huo alimpima shemeji wa mfalme, mwanamke mnene wa kusifiwa: mkono, kifua, paja, urefu. Vipimo vyote akavichapisha kitabuni mwaka 1863. Ni utovu wa adabu, sikatai. Lakini Speke mwenyewe ameandika kwamba ili mama yule akubali, aliahidi naye kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Na hakumtoza ada.

Mimi nimeonyesha cheti cha kuzaliwa, kiapo, alama za kidato cha nne na mikungu ya ndizi. Kamati ya udahili nayo inionyeshe walau goti: waliomba wangapi, faili langu lilisomwa kwa dakika ngapi, na dola zangu zilinunua nini.