Stoo ya Maboksi

Uani kwetu Goba kuna vitu ambavyo si takataka na wala si vyombo. Kuna jenereta lisilowaka lakini "injini yake nzima". Kuna kitanda cha chuma kisicho na miguu, ndoo za rangi zilizobaki tulipopaka nyumba, baiskeli ya mtoto ambaye sasa anaota ndevu, na gunia la mkaa ambalo mvua ikianza kudondoka linakimbiziwa ndani kabla ya binadamu. Mama watoto alipotangaza kwamba masika hayatavikuta pale, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuja kwenye namna. Tumwite fundi atujengee stoo, au tununue ile inayokuja ndani ya maboksi, mtu unaiunganisha mwenyewe?

Shemeji yangu ni mtu wa maboksi. Anafanya kazi kwenye kiyoyozi na anaamini chochote chenye picha kwa nje. "Shemeji, hii ni masaa mawili tu. Watu wawili na bisibisi." Mama watoto ni mtu wa fundi, tena kwa sababu ambayo sijawahi kuipatia jibu: fundi anagombezeka. Boksi utaligombeza vipi?

Basi akaitwa fundi. Alifika, akashika kiuno, akatazama mbingu, akapiga ardhi kwa kisigino, kisha akaugeukia ukuta wetu na kuuliza lile swali ambalo mafundi wote hufundishwa siku ya kwanza: "Huu ukuta alijenga nani?" Tulipomtajia, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama tumempa habari ya ajali.

Orodha ya vifaa aliiandika kwenye kipande cha mfuko wa simenti. Mbao za dawa, mbili kwa nne na mbili kwa mbili. Bati geji 28. Misumari ya bati, misumari ya inchi nne, waya, tofali, simenti. Mstari wa mwisho ulisomeka "na vinginevyo". Katika ujenzi wa Dar hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote, na hakiuzwi kwenye duka lolote la vifaa.

Siwezi kusema hakunielimisha. Somo la geji, kwa mfano, watu wengi hulisoma wakishaezeka: namba ikipanda, bati linapungua unene. Geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na 32 ni nyembamba zaidi, kwa hiyo muuzaji anayekwambia "mzee, chukua hii ya namba kubwa" hajasema uongo hata kidogo. Mbao ya dawa nayo huwa na ukijani, lakini fundi alinionya kwamba si kila ukijani ni dawa. Wapo wanaopaka tu. Mnunuzi anaweza kudanganyika pale Buguruni. Mchwa hadanganyiki.

"Sasa mzee, nirushie ya kuanzia," alisema akiwa tayari ameshika simu. "Na ya kutolea usisahau."

Nikarusha, pamoja na ya kutolea. Usiku ule ukatokea msiba Bagamoyo. Simnyimi mtu msiba wake, ila nimeona misiba ya mafundi ina tabia ya kusubiri muamala ukamilike. Namba ikawa haipatikani kwa sasa.

Shemeji hakungoja matanga yaishe. Jumamosi asubuhi kirikuu kikapiga honi getini, kikashusha maboksi mawili marefu na membamba, na kwenye picha stoo ikasimama kwenye majani mabichi yaliyokatwa vizuri, mlango wazi, hamna mkaa wala jenereta.

Ndani kulikuwa na vipande vya bati vyenye herufi na namba, mfuko wa skrubu wenye uzito wa kilo ya sukari, na kitabu. Kitabu chenyewe kina maneno machache na michoro mingi ya mwanamume mwenye kipara anayetabasamu. Ukurasa wa kwanza anatabasamu kwa sababu sakafu yake imenyooka. Wa pili unakataza kuanza kazi siku ya upepo, na ukishaanza usiiache nusu. Kuanzia hapo mwanamume anazidi kufurahi huku herufi zikizidi kuongezeka, mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo amesimama kando ya stoo na fagio la mpini mrefu, anasukuma kitu cheupe kutoka juu ya paa. Kijana wetu wa mwisho alidhani ni unga. Mama watoto alidhani ni povu la sabuni, akaanza kumheshimu yule mwanamume. Shemeji ndiye aliyesoma: theluji iondolewe mara kwa mara, paa lisije likaelemewa.

Theluji iliyo karibu na Goba ni ya Kilimanjaro, na hata hiyo inazidi kupungua.

Nyumba za namna hii zina historia ya heshima, lazima niseme. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mhandisi wa jeshi la Uingereza, Peter Nissen, alibuni banda la bati lenye mgongo wa duara, lililosafirishwa likiwa vipande na kusimamishwa na askari sita kwa muda wa saa nne. Shemeji alilipenda sana hilo. Lakini wale walikuwa na ofisa wa kuwafokea. Sisi tulikuwa na watoto waliokwisha kuufungua mfuko wa skrubu na kuzigawana.

Tatizo kubwa lilikuwa chini ya miguu yetu. Goba ni vilima. Uani kwetu, mpira ukiuweka mlangoni pa jikoni unajiendea wenyewe hadi kwenye mpera. Maboksi yalikuja na kila kitu isipokuwa ardhi. Ikabidi itafutwe sakafu, na sakafu ina mwenyewe.

Fundi akarudi, macho mekundu ya msiba, na mpira mwembamba unaoonyesha maji begani. Akaujaza, mwisho mmoja akampa shemeji, mwingine akaushika yeye, na maji yakasema ukweli ambao kitabu kilikuwa kinauficha: upande mmoja ulikuwa chini kwa urefu wa tofali mbili. Kisha akapiga mraba kwa uzi, tatu, nne, tano, bila kuandika popote. Shemeji, mwenye shahada, alimtazama kwa mdomo wazi.

Zege lilipokauka, fundi aliinua kipande cha kwanza cha stoo kwa ncha. Kikalegea kama chapati iliyoshikwa ukingoni. Hakucheka, na hilo liliniumiza zaidi. Alichukua kitabu, akakitazama juu chini, akakikunja mara mbili na kukikalia.

Mchana upepo ukaja, kama inavyotarajiwa mtu akikalia maonyo. Ukuta wa kushoto, uliokuwa umeshikwa na skrubu chache tu, uliruka ukatua kwa jirani. Jirani ni mstaarabu. Alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Jamani, nimeletewa bati. Ni zawadi, au nalo linadaiwa?"

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya fundi peke yake. Alichomelea fremu ya bomba za mraba, akazika miguu yake kwenye zege, ndipo akaivisha yale mabati. Mlango wa kiwandani ulikuwa na urefu wa mita moja na nusu, na yeye mwenyewe aliupima kwa paji la uso. Akamwita mama watoto, akamwambia, "Dada, jitwike beseni, simama hapa." Akachora alama juu ya beseni kwa chaki, akakata. Nimeshatembelea stoo nyingi za watu, na sijaona kiwanda kilichowahi kuuliza habari za beseni.

Bei? Tumelipa stoo mbili, tumepata moja. Shemeji anaiita "uwekezaji". Skrubu zilizozidi fundi aliondoka nazo, viganja viwili.

Jioni ileile picha ya stoo yetu ilikuwa kwenye status yake ya WhatsApp, na maandishi: TUNAJENGA STOO ZA KISASA, POPOTE ULIPO. Jumapili akaja na wateja, bila taarifa, na mama watoto akawaandalia chai. Mmoja wao, mzee wa Madale mwenye miwani, aliligonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanigeukia kuniuliza ni geji ngapi. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mzee, hiyo geji achana nayo. Hiyo ni ya Ulaya. Hiyo inabeba hadi theluji."