Pawatila Imeletwa kwa Mchicha

Shemeji yangu hawezi kuona jembe. Sisemi kulishika, kuliona tu. Akinikuta nimeinama bustanini, uso unamkunjamana kama mtu aliyetafuna mwarobaini, kisha anaanza: "Shemeji, bado tu na jembe?" Yeye analima mpunga Dakawa, na huko pawatila ndiyo mwenye mji. Sibishi. Kwenye majaruba yenye maji ile mashine inavuruga tope mpaka linakuwa laini, na mche wa mpunga haudai zaidi ya hapo. Lakini mimi niko Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Bustani yangu imelala mteremkoni, na mipango yangu yote ya kilimo ni mchicha na matembele.

Hakusikia. Pawatila ikaletwa.

Ilikuja ikivuta tela. Ndani ya tela mlikuwa na magunia ya mkaa, mama mmoja na kuku wake, na vijana ambao mpaka leo sijui walifuata nini kwangu. Si ajabu. Mwaka 2009, Kilimo Kwanza ilipozinduliwa na Rais Kikwete, mashine hizi zilimwagwa wilayani zituokoe na jembe la mkono. Nyingi zilipokutana na udongo mkavu wa kwetu zikaona ni afadhali zibebe tofali na mchanga. Siwalaumu wenye nazo. Barabarani hakuna visiki, na abiria analipa papo hapo.

Dereva akaniuliza, "Mzee, ekari ngapi?" Nikamwonyesha. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza shamba lenyewe linaanzia wapi. Tukaelewana kwamba bei ni ya ekari moja, kwa sababu mafuta ya kutoka alikotoka hayajui kama bustani ni ndogo. Nikamtazama shemeji. Shemeji akawa anatazama milima.

Hendeli ikapigwa, moshi ukatanda, majirani wakatoka. Hapo ndipo visu vilipokikuta kile chandarua kikuukuu tunachozungushia mchicha kuzuia kuku. Hakikukatwa, kilijiviringisha. Kamba ya kuanikia nguo nayo ikafuata, na upande mmoja wa kanga ya mama watoto. Mashine yenye nguvu za farasi kumi na kitu ikasimama, na dereva akalala chini kuichokoa kwa kisu cha jikoni kwangu. Muda huo wote jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Nililiangalia, likaniangalia.

Kasheshe likawa mteremko. Pawatila haina usukani. Ukitaka kukata kushoto unabana klachi ya kushoto, gurudumu la upande huo linapoteza nguvu, mashine inageuka. Ukiwa unashuka mlima mambo yanapinduka: gurudumu uliloliachia ndilo linalokimbia, kwa hiyo unabana kushoto unaenda kulia. Kijana wa watu amezoea tambarare ya Dakawa. Alibana kushoto kuukwepa mpapai. Sasa hatuna mpapai.

Na aliyeanzisha habari hii ya visu vya kuzunguka alikuwa na nia njema kabisa. Arthur Clifford Howard, kijana wa mkulima wa Gilgandra kule Australia, alianza majaribio yake mwaka 1912 kwa injini ya trekta la mvuke la baba yake. Alitaka udongo utifuliwe bila kushindiliwa jinsi plau inavyofanya. Nia njema hiyo ilipofika kwangu, juu kulitoka unga. Chini ya unga, visu vilipokoma, mfinyanzi ukawa umepigwa lipu. Mvua ya kwanza ilituama juu ya lipu, jua likatoka, unga ukaganda ukoko, na mbegu za mchicha zikabaki chini zikigonga mlango.

Kilichoota vizuri ni ndago. Wanaoijua ndago wameshaanza kucheka. Ile nyasi inaishi kwa vijiazi vilivyoungana chini kwa chini kwa kamba. Kwa jembe unaufuata mnyororo taratibu, unaung'oa, unauanika juani. Pawatila haina subira hiyo: iliikata kamba vipande vipande, kila kijiazi kikapata uhuru wake, kisha ikavitawanya bustani nzima kwa usawa ambao serikali yoyote ingejivunia. Kona ya matembele, ambayo haikuwahi kuwa na ndago tangu tuhamie, sasa ni zulia.

Shemeji amekuja Jumapili, amekula, amenawa, ametoka kuikagua. Akasimama mikono kiunoni, akatikisa kichwa kitaalamu. "Hii shemeji dawa yake ni kurudia. Nimpigie simu yule kijana apite mara ya pili."

Nikaingia ndani, nikamletea ndoo. Nimemwambia vijiazi aviokote kimoja kimoja, na chai ataikuta mezani akimaliza.